Kivuli cha bluu

Marahaba mwanangu. Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara tatu. Umeuliza ile picha ya theluji ya Monet, yule mchoraji Mfaransa, uliyoiona hapo Paris kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, yenye ndege juu ya geti, mbona vivuli vyake ni vya bluu, alikosea au alikuwa anapamba tu. Hakukosea hata kidogo, na nimefurahi sana umeliona hilo manake wengi wanamuangalia ndege wanapita.

Sikia. Pale jua linapopiga, theluji inashika unjano kidogo, sa ule uzio wa fito ukilikinga jua si kwamba mwanga umeisha, unabaki mwanga wa angani, na anga ni bluu, afu theluji nyeupe inapokea chochote inachopewa. Unakumbuka mashuka ya bibi yako kwenye kamba kule Tanga asubuhi? Kivuli cha mkono juu ya shuka jeupe kina ubluu, ukitulia unauona. Ila tumezoea kusema kivuli cheusi basi na macho yanatii mdomo. Mimi mwenyewe darasani miaka yote nimewaambia watoto wapake kijivu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Aliichora baridi ya 1868 kuingia 1869, karibu na Étretat huko Normandy, ana miaka 28 tu, yuko na mpenzi wake Camille na mtoto wao mdogo Jean, na nyumba walisaidiwa na tajiri mmoja, Gaudibert, aliyezipenda kazi zake. Akaipeleka Salon, yale maonyesho makubwa ya Paris, 1869 wakaikataa. Jina la Impreshonisti lenyewe, wanaloitwa yeye na wachoraji wenzake wa mtindo huo, lilikuja 1874, kwa hiyo alikuwa anafanya kitu ambacho hata jina hakina bado, na mimi hapo ndo nampendea, kwamba aliamini macho yake wakati familia inamtegemea.

Huyo ndege ni ndugu yake kunguru. Binadamu hata mmoja hayupo kwenye picha, ni yeye tu na weusi wake. Mzibe kwa kidole uone, weupe wote unalegea.

Ukipata Jumapili nyingine rudi, simama karibu na kile kivuli cha uzio kinachokuja upande wetu, afu nipigie uniambie ni bluu tupu au kuna zambarau humo ndani, manake kwenye kitabu changu rangi zimeshafifia na mimi hiyo picha sijawahi kuiona kwa macho.

Baba yako.