Valvu yako ikibadilisha mlio usisubiri kukuche

Mie nina valvu ya chuma kwenye moyo, yaani mlango wa kupitishia damu, niliwekewa baada ya homa ya rumatiki ya utotoni kuniharibia ile ya maitrali, ya upande wa kushoto wa moyo. Usiku mtaa wetu wa Kirumba, Mwanza, ukitulia naisikia tik tik tik, mwanangu akilala kifuani huwa anasema mama saa yako hiyo.

Sasa nikaenda msibani kisiwani Ukerewe na vidonge vya siku tatu tu vya wafarini, dawa yangu ya kuzuia damu kuganda, msiba ukafika wiki, nikajisemea nitaendelea nikirudi. Tukiwa kwenye meli toka Nansio, bandari ya Ukerewe, nikaanza kuhema kama nimepanda mlima na nimekaa tu kwenye benchi, na usiku ule nyumbani ule mlio ukawa mzito, kama saa iliyofungwa ndani ya khanga. Nikamwamsha mume wangu hapohapo. Hospitali INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa 1.4 wakati mie natakiwa 2.5 mpaka 3.5, eko, yaani picha ya moyo, ikaonyesha donge la damu, kimlango kimoja cha valvu hakifunguki vizuri. Nikalazwa na dripu ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Ndo daktari akauliza, kwenu kuna mtu damu iliwahi kumganda? Mama mdogo alivimba mguu mmoja baada ya kujifungua, watu wakasema katupiwa kitu njiani, miaka yote tuliamini hivyo jamani! Mie hawakunipima kwanza kwa sababu wafarini yenyewe inashusha protini S, ile inayosaidia damu isigande ovyo, na majibu yangedanganya, wakampima mdogo wangu ambaye hatumii dawa, akakutwa anayo pungufu, ya kurithi. Kwa sisi wa hivi, wafarini ikianzishwa peke yake siku za mwanzo inaweza kugandisha zaidi hata ngozi ikafa, ndo maana sindano ya heparini inatangulia. Kwa hiyo taja historia ya ukoo wako hata usipoulizwa.

Mchicha na matembele kula, ila kiasi kilekile kila wiki, usishindilie leo halafu ukaacha mwezi. Diklofenaki ya maumivu na metronidazo ya vijidudu usinunue duka la dawa bila kusema una valvu, zinaweza kukutoa damu. Na vile vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda ambavyo havihitaji INR, sisi wa valvu za chuma havitufai, usikubali kubadilishiwa kienyeji.

Siku hizi nabeba wafarini ya wiki mbili, nusu kwenye pochi nusu kwenye begi. Mdogo wangu ana mimba ya miezi minne, kadi yake ya kliniki imeandikwa PROTINI S juu kabisa kwa kalamu nyekundu na sindano zake za heparini ameshaanza.