Usisaini barua ya kujiuzulu kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Nimekuelewa: bosi alipandisha bei ya mkate, wateja wakapungua, na sasa anakutaka uandike barua ya kuacha kazi "kwa hiari" baada ya miaka 6, ukiahidiwa kurudishwa mambo yakikaa sawa.

Usiiandike. Mwaka 2020, watalii walipokatika Arusha, mimi niliandika barua kama hiyo hotelini nilikokuwa. Niliondoka na mshahara wa mwezi ule tu, na sikuitwa tena.

Biashara ikiyumba, sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza watu, lakini lazima atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nanyi au chama chenu. Akikupunguza, ana deni kwako: kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliomaliza (wako ni siku 42), notisi na likizo ambayo hukuchukua. Ukijiuzulu, hicho kiinua mgongo unakipoteza.

Mjibu kwa maandishi, kwa heshima, kwamba uko tayari kuzungumza. Hata kupunguziwa saa kwa muda mnaweza kukubaliana, ila iandikwe tarehe ya mwisho. Mkataba na hati za mshahara weka nakala nyumbani leo hii.

Akikuachisha, hesabu siku. Una 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama tayari umesaini kitu chochote, muone wakili au chama cha wafanyakazi kesho asubuhi.