Farasi wa Scots Greys si weupe pe

Unapaka rangi sanamu ndogo za Scots Greys, kikosi cha wapanda farasi cha jeshi la Uingereza, na unajiuliza kama farasi wao wawe weupe? Hapana, usiwapake nyeupe tupu. Farasi wa Scots Greys kwenye vita vya Waterloo, 1815, walikuwa wa kijivu, na farasi wa kijivu huzaliwa na rangi iliyokolea kisha hufifia mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana katika safu moja mmoja bado ana madoadoa mapajani na mwenzake amekaribia kuwa mweupe. Kinachowaangusha wengi ni pua: ngozi iliyo chini ya manyoya ni nyeusi, kwa hiyo puani, midomoni na kuzunguka macho weka kijivu cha giza, si waridi. Waridi ni ya farasi mwenye baka jeupe la kuzaliwa nalo linaloshuka mpaka puani.

Mimi huanza na kijivu cha kati, halafu napitisha juu juu brashi karibu kavu yenye nyeupe iliyotiwa tone la krimu. Manyoya ya shingo na mkia yaache yakolee kidogo kwa wale unaotaka waonekane vijana. Ila kama sanamu zako ni za milimita 15, achana na madoadoa. Ukikaa mezani hutayaona.