Kikokotoo kimesema −53, kitabu kinasema 127: maswali yenu ya vekta

Safari hii karibu barua zote zinauliza pembe za mwelekeo, za kani (nguvu inayosukuma au kuvuta) na za velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake). Nimezifupisha. Pembe nahesabu kutoka mhimili wa X upande wa chanya, ambao kwenye ramani ni mashariki, nikizunguka kinyume cha mishale ya saa.

Shikamoo mwalimu. Kani ina sehemu ya mlalo −30 N (newtoni) na ya wima 40 N. Tanjenti kinyume ya 40 kwa −30 inaniletea −53.1°. Kitabu kina 126.9°. Nani kakosea? (Kidato cha tano, Masasi)

Marahaba. Kikokotoo kimejibu ulichokiuliza. Ulipogawanya, ulikipa −1.33 tu, na hiyo alama ya hasi haisemi imetoka kwenye sehemu ya mlalo au ya wima. Kani ya 30 N na −40 N nayo inatoa −1.33, ilhali inavuta upande wa pili kabisa. Chenyewe kimepangwa kujibu kati ya −90° na 90°, yaani mishale inayoelekea kulia peke yake. Kwa hiyo sehemu ya mlalo ikiwa hasi, ongeza 180°: −53.1 + 180 = 126.9. Ikiwa sifuri, usigawanye kabisa. Mshale umesimama wima, ni 90° au 270°.

Mimi sisahihishi swali la vekta lisilo na mchoro, na najua wapo wanaoniona mkali. Lakini ungechora, ungeona mshale uko juu kushoto, na −53° iko chini kulia.

Boti inavuka Ruvuma kutoka Kilambo kwenda upande wa Msumbiji. Nahodha anaelekeza kusini kwa 4 m/s, mkondo unasukuma mashariki kwa 1.5 m/s. Nimepata boti inapinda 20.6° kutoka kusini. Akitaka kufika ng'ambo moja kwa moja, si aelekeze 20.6° upande wa magharibi? (Mtwara Vijijini)

Nusu ya kwanza ni sawa: 1.5 kwa 4 ni 0.375, na tanjenti kinyume yake ni 20.6°, kutoka kusini kuelekea mashariki. Kwa hesabu yetu ya mhimili wa X hiyo ni 290.6°.

Nusu ya pili ndiyo inayowanasa hata wazuri. Mwanzo, 4 na 1.5 zilikuwa pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Nahodha akigeuza boti kuukabili mkondo, 4 inakuwa kiegama cha pembetatu, yaani upande unaotazamana na pembe mraba. Hapo tanjenti haina kazi, inaingia saini: saini kinyume ya 0.375 ni 22.0°. Na kasi ya kuvuka inashuka hadi 3.7 m/s, maana sehemu ya kasi ya boti inatumika kuukabili mkondo. Utasema nyuzi 1.4 si kitu. Mto ukiwa na upana wa mita 400, jibu lako lingemfikisha mita kama 10 chini ya pale alipolenga. Nahodha mzoefu haulizi saini. Anatazama mti wa ng'ambo na kurekebisha usukani.

Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki. Mshale wa velositi nauchora kuelekea wapi? (Mikindani)

Kaskazini-magharibi. Upepo hutajwa kwa unakotoka, lakini vekta ya velositi huelekea hewa inakokwenda. Kwa dira, inayohesabu kutoka kaskazini kufuata mishale ya saa, ni 315°, kwa mhimili wa X ni 135°. Kubadili kutoka dira, toa pembe ya dira kwenye 90, na ukipata hasi ongeza 360.

Tanjenti kinyume ya 1 inaniletea 0.785. (Lindi mjini)

Kikokotoo kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe; kirudishe kwenye nyuzi. Kikikuletea 50, kiko kwenye gradi, kipimo cha tatu cha pembe.

Mpira uliopigwa ukifika juu kabisa, pembe ya kani ni sifuri? (Nachingwea)

Ya velositi ndiyo sifuri. Tuseme umeanza na mlalo 12 m/s na wima 9 m/s, hewa tuiache kando, na g (mchapuko wa mvutano wa dunia) iwe 10. Mwanzoni velositi iko 36.9°, baada ya sekunde 0.9 iko 0°, baada ya 1.8 iko −36.9°. Muda wote huo kani ni uzito wa mpira tu, na iko palepale, 270°. Kani inaonyesha velositi inabadilika kuelekea wapi. Mpira unakwenda wapi ni habari nyingine.

Kamba ya kreni inaweza kufanya 60° na mhimili wa X, wa Y na wa Z kwa pamoja? (Mwanachuo, Mtwara)

Haiwezi. Kosaini za pembe hizo tatu, kila moja ikipigwa kipeo cha pili, lazima zijumlishe 1. Kosaini ya 60° ni 0.5; mara tatu ya 0.25 ni 0.75. Mbili zikiwa 60°, ya tatu ni 45°, au 135° kama kamba inavuta kuelekea upande wa hasi wa mhimili huo.