Maswali ya Wasomaji: Stempu za Vivutio vya Utalii

Swali: Nimepewa rundo la bahasha za zamani zenye stempu za maporomoko, milima na magofu. Nilizobandua kwa mkono zimechanika. Nifanyeje?

Jibu: Acha kabisa kuzivuta. Gundi ya stempu za zamani hushika kuliko karatasi ilivyo imara, hivyo ukivuta, tabaka la nyuma hubaki kwenye bahasha. Inyanyue stempu kwenye mwanga: palipoliwa pataonekana peupe. Mbele inaweza kupendeza bado, lakini mnunuzi ataigeuza kwanza.

Kata bahasha kuzunguka stempu na uache kama sentimita 1 kila upande, mkasi usije ukagusa meno, yaani kingo zenye vitobo za stempu. Vipande vya bahasha nyekundu au za kaki vitenge na uviloweke peke yake, maana vikichuja rangi huharibu bakuli zima. Tumia maji baridi. Ya moto huweza kuyeyusha wino wa stempu na wa muhuri. Weka vipande vichache kwa mara moja, uso wa stempu ukiwa juu, usubiri dakika 15 hadi 30. Stempu ikiwa tayari huteleza yenyewe. Ikiwa bado imeshika, ongeza muda, usiongeze nguvu.

Ihamishie kwenye maji safi na upitishe kidole mgongoni taratibu mpaka utelezi uishe. Utelezi huo ni gundi iliyobaki, na ukiuacha utaigandisha stempu kwenye karatasi ya kukaushia. Ilaze uso chini juu ya karatasi nyeupe inayonyonya maji. Usitumie gazeti, wino wake huhama. Ikikauka itajikunja kama jani, usishtuke. Ikaushe kabisa, kisha uilaze ndani ya kitabu kizito hadi kesho yake.

Stempu za siku hizi za kujibandika, zile zinazobanduliwa kama lebo, nyingi haziachii hata zikilowa kutwa nzima. Hizo zipunguze tu karatasi kwa unadhifu, uache milimita 5 kuzunguka, na uzihifadhi hivyo. Na kabla hujashika mkasi, usome muhuri. Stempu ya ziwa iliyogongwa muhuri wa mji wa kando ya ziwa hilohilo, ukasomeka vizuri pamoja na tarehe, haikatwi. Tunza bahasha nzima.

Swali: Stempu yangu ya mlima wenye theluji imeandikwa "HELVETIA". Nyingine ina ngome na kichwa cha malkia, bila jina la nchi. Ni za wapi?

Jibu: Ya kwanza ni ya Uswisi. Nchi hiyo ina lugha nne za taifa, ikaamua kutumia jina lake la Kilatini. Ya pili ni ya Uingereza, iliyoanzisha stempu za kubandika mwaka 1840 na ambayo hadi leo huweka kichwa cha mfalme au malkia badala ya jina. Majina mengine yanayowachanganya wengi ni Magyar (Hungaria), Suomi (Finland), Hellas (Ugiriki), Hrvatska (Croatia) na Nippon (Japani). Angalia usichukue jina la kivutio ukadhani ni nchi.

Swali: Kuna nchi iliyowahi kuchapa stempu kwa makusudi ya kuvuta watalii, au picha hizo ni mapambo tu?

Jibu: Zipo, na tangu zamani. New Zealand ilitoa seti ya mandhari mwaka 1898, na Tasmania, wakati huo koloni la Uingereza na leo jimbo la Australia, ikafuata mwaka 1899 kwa stempu 8 za milima, maporomoko na bandari, zikiwa tangazo linalosafiri na kila barua. Stempu za New Zealand zilichapwa London, na aliyechonga jina la ziwa Wakatipu akaandika "Wakitipu". Ikabidi lisahihishwe. Marekani nayo ilitoa stempu 10 za hifadhi za taifa mwaka 1934, kuanzia Yosemite ya senti 1 hadi Great Smoky Mountains ya senti 10.

Ila picha nzuri huweza kumgeuka mwenyewe. Mwaka 1900 Nicaragua ilitoa stempu ya volkano Momotombo ikifuka moshi. Mwaka 1902, Baraza la Seneti la Marekani lilipokuwa likijadili mfereji wa kuunganisha bahari za Atlantiki na Pasifiki upite Nicaragua au Panama, Philippe Bunau-Varilla, aliyeipigania Panama, aliwagawia maseneta stempu hiyohiyo ili waone hatari ya volkano za Nicaragua. Panama ikashinda. Kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini stempu ile haikuisaidia Nicaragua hata kidogo.

Swali: Nina stempu ya Sanamu ya Uhuru ya Marekani na nimeambiwa picha yake ina kosa. Nitatajirika?

Jibu: Kosa ni la kweli. Stempu iliyotolewa Desemba 2010 ilitumia picha ya nakala iliyoko Las Vegas, si ya sanamu ya New York. Aliyenufaika ni mchongaji wa nakala hiyo, Robert Davidson: mwaka 2018 mahakama iliamuru alipwe zaidi ya dola milioni 3.5. Wewe huna bahati hiyo, kwa kuwa zilichapwa kwa mabilioni, zote zikiwa na kosa lilelile. Kosa lenye bei ni lile la shiti (karatasi kubwa zinazochapwa stempu nyingi) chache tu: picha iliyopinduka, rangi iliyoruka, meno yasiyotobolewa.

Hata kwenye meno, pima kwanza. Zile hifadhi za 1934 zilichapwa tena bila meno mwaka 1935 na kuuzwa kwa umma, hivyo si adimu. Wengine hukata meno kwa mkasi: kingo zikiwa nyembamba kuliko za stempu ya kawaida, tilia shaka.

Swali: Kadi maksimamu hutengenezwaje?

Jibu: Ni kadi ya posta ambayo picha yake, stempu na muhuri vyote vinahusu kitu kimoja. Tafuta kadi ya posta yenye picha moja kubwa ya kivutio kilichomo kwenye stempu. Kadi yenye picha 4 ndogo haifai. Bandika stempu upande wa picha, mahali pasipofunika kivutio chenyewe. Kisha mwombe karani wa posta iliyo karibu kabisa na kivutio agonge muhuri, nusu kwenye stempu na nusu kwenye kadi, stempu ikiwa bado mpya sokoni. Muhuri wa mji mkuu kwenye picha ya maporomoko yaliyo mbali huidhoofisha kadi. Kadi inayong'aa hainyonyi wino upesi. Iache wazi saa kadhaa, usiweke nyingine juu yake.