Nakala 260 chini ya kitanda

SWALI: Shikamoo kaka. Naandika riwaya. Mwaka jana nilirusha hadithi yangu kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 400, kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakanisifu sana. Nikaichapa, nakala 300. Kila moja imenigharimu shilingi 5,000, nauza 10,000. Kila siku naweka jalada stetasi, lakini nimeuza 40 tu. Nipeleke madukani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jalada lako halina kosa. Hao 400 wameshakula wali, sasa unawauzia sahani. Hadithi wanaijua hadi aliyekufa na aliyemuua, wanunue ya nini? Wale 40 wamekununulia kwa mapenzi tu, washukuru.

Kwa hiyo hizo 260 zitafutie watu ambao hawajaisoma. Stetasi ya jalada na "kitabu kipo, karibuni" haimshtui mtu. Weka aya tatu za hadithi, mfano: mama mkwe anafungua sanduku la marehemu, anakuta barua yenye mwandiko wa huyo marehemu, tarehe ni ya juzi. Kata hapo. Chini yake bei, namba ya kulipia na jina litakalotokea mtu akituma pesa. Hilo jina wengi hulisahau, na mnunuzi akiona jina asilolijua anaghairi. Akishalipa, andika jina lake ukurasa wa kwanza, piga picha, mtumie kabla hujapeleka kifurushi stendi. Ataiweka stetasi yake mwenyewe, nawe utakuwa umefika kwa watu usiokuwa na namba zao.

Kuhusu maduka, piga hesabu kwanza. Wengi watapokea kwa mali kauli, yaani unaacha mzigo na unalipwa ukiuzika. Tuseme duka linakata asilimia 35: kwenye 10,000 unabaki na 6,500, ukitoa ya uchapaji ni 1,500, na nauli hujatoa. Mimi kitabu changu cha kwanza niliacha nakala 50 mahali. Nikarudi baada ya miezi mitatu nikazikuta dirishani, majalada yamepauka kwa jua, zimeuzwa sita. Acha kumi tu, mwenye duka asaini karatasi yenye idadi na tarehe, na uwe unapita kuangalia. Atakuuliza pia kama kitabu kina ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Kama hukuchukua, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kusajili kazi yako COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, nako usikuache, PDF yako ikianza kuzunguka utataka kuwa na karatasi mkononi.

Sasa hadithi ya pili, maana kitabu kimoja hakimlishi mwandishi. Usiimalize kundini. Rusha sura nane za mwanzo, waache wanagombana nani mwizi, kisha waambie wanaotaka kitabu walipie kabla hujaenda kiwandani. Idadi ya waliolipa ndiyo itakuambia uchape ngapi. Ila kabla hujarusha hata kipande, amua kama mswada huo unautaka kwenye tuzo, kama ile ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti ya mwaka husika, kwa sababu mashindano mengi ya miswada hayataki kazi iliyokwisha kutolewa, na kuna wanaohesabu hata hiyo ya kundini.

Nakala zenyewe zitoe chini ya kitanda leo. Morogoro mvua zikikolea, karatasi inavuta unyevu.