Kano iliyokatika na goti lililosagika upande mmoja: yatibiwe siku moja?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 46. Zaidi ya miaka 15 iliyopita niliumia uwanjani, kano ya mbele ya goti ikakatika, na sikufanyiwa upasuaji. Sasa upande wa ndani wa goti unauma hata nikitembea taratibu, na nikigeuka ghafla goti linaachia. Daktari mmoja anataka kunibadilishia goti lote. Mwingine anasema atabadilisha nusu tu na kutengeneza kano siku hiyohiyo. Nimsikilize nani?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kinachoamua ni hali ya upande wa nje wa goti lako, na huo hujanieleza.

Kano ile huuzuia muundi usichomoke kwenda mbele chini ya mfupa wa paja. Ikikosekana, mifupa huteleza kila unapokanyaga, na gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, huliwa zaidi kwa nyuma. Ninapotazama eksirei ya ubavuni, goti lenye kano nzima huwa limechimbika mbele na katikati. Goti kama lako, mara nyingi shimo nalikuta nyuma.

Ukiweka nusu goti bandia, yaani la upande uliosagika tu, juu ya mtelezo huo, kipande cha chini hutikiswa mpaka kinalegea. Madaktari wa Oxford, Uingereza, waliobuni nusu goti lenye plastiki inayoteleza, waliliona hilo mapema. Ndiyo maana kwa muda mrefu asiye na kano alikataliwa. Kutengeneza kano pamoja na kubadilisha nusu kunajibu tatizo hilo, na kwa mtu wa umri wako anayejishughulisha mimi naliona ni wazo zuri.

Lakini ni kazi ya mkono uliozoea. Kano mpya huchukuliwa kwenye misuli ya nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, kisha hupitishwa kwenye tundu lililotobolewa ndani ya muundi. Tundu hilo linapita jirani kabisa na pale chuma kinapokaa. Likikaribia mno, mfupa uliobaki katikati unaweza kupasuka. Muulize daktari wako amefanya ngapi za namna hii.

Ili nusu goti likufae, upande wa nje uwe na gegedu kamili, tege la mguu liweze kunyooshwa kwa mkono, na goti likunjike vizuri na kunyooka karibu kabisa. Mwenye baridi yabisi inayoshambulia viungo vyote hafai. Upande wa nje ukiwa umeliwa, goti lote libadilishwe. Hapo kano ile huondolewa kwa kawaida, na umbo la goti bandia huchukua kazi yake. Ipo pia njia ya kukata muundi na kuunyoosha bila kuweka goti bandia, nayo iulizie.

Jichunguze jambo moja: goti linaachia kwanza ndipo liume, au linauma kwanza ndipo liachie? Maumivu peke yake huweza kuzima msuli wa paja, goti likakunjika hata kama kano si tatizo. Mweleze daktari hivyohivyo, kabla hajalivuta goti kwa mkono kulipima.

Ukifanyiwa nusu goti na kano, tarajia magongo kwa wiki kadhaa na mazoezi kwa miezi 6 hadi 9 kabla ya kazi nzito. Mpira wa miguu sikushauri kuurudia. Kwa sasa omba eksirei inayopigwa huku goti likisukumwa kuelekea ndani. Hiyo ndiyo itakayoonyesha gegedu la nje limebaki kiasi gani.